Nimepewa rufaa ya kolposkopi: nitafanywa nini huko?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 37 na watoto watatu, naishi Muheza. Mwezi uliopita kliniki walitangaza upimaji wa saratani ya shingo ya kizazi, nikaenda. Nilipewa kijiti chenye pamba nikachukua ute mwenyewe, majibu yakarudi kuwa nina kirusi cha HPV. Nikaitwa tena nikapakwa siki kwenye shingo ya kizazi. Nesi akasema kuna weupe umeingia ndani na mwisho wake hauonekani, akaniandikia rufaa ya kipimo kinachoitwa kolposkopi. Jirani yangu aliwahi kufanyiwa, anasema wanakukata nyama bila ganzi. Mwingine anasema wakishakugusa huko kizazi hakibaki. Mume wangu naye anauliza hicho kirusi nimekitoa wapi. Naomba ukweli: nitafanywa nini, itauma kiasi gani, nitaweza kuzaa tena, na niende peke yangu au na mtu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya yote, rufaa uliyopewa haisemi kwamba una saratani. Inasema nesi ameona kitu ambacho macho yake matupu hayawezi kukimaliza. Tiba inayotolewa palepale kituoni, ya kugandisha au kuchoma kwa joto, inafaa pale tu ambapo doa lote linaonekana, mwanzo na mwisho. Lako limeingia ndani ya tundu la shingo ya kizazi. Angeweza kuchoma sehemu anayoiona akakuambia nenda nyumbani, na kipande kilichojificha kikabaki kinaendelea na shughuli zake. Hakufanya hivyo, na mimi ningekuwa msimamizi wake ningemshukuru.

Sasa hiyo kolposkopi. Jina linatisha kuliko chenyewe. Kolposkopu ni darubini yenye taa kali, imefungwa kwenye stendi, na inakaa nje ya mwili wako, kiasi cha sentimita 30 hivi. Haiingii ukeni. Nimeshakutana na akina mama waliosafiri toka alfajiri wakiamini kuwa lile dude zima lenye magurudumu ndilo litakaloingizwa. Siku hizi huwa nawaacha waliguse na wachungulie kabla hawajapanda kitandani. Ya kwanza ilitengenezwa na Mjerumani Hans Hinselmann huko Hamburg mwaka 1925, na ukiondoa kamera na skrini zilizoongezwa baadaye, kazi yake haijabadilika: kuikuza shingo ya kizazi ili daktari aone kile ambacho jicho tupu linakiruka.

Shingo ya kizazi ni ile sehemu ya chini ya mji wa mimba inayochungulia ukeni. Kwa nje imefunikwa na ngozi laini ya rangi ya waridi. Ndani ya tundu kuna utando mwekundu unaotoa ute. Zinapokutana pana mpaka usiotulia. Tangu msichana anapovunja ungo, seli za hapo hubadilika kutoka aina moja kwenda nyingine, na ni hapo HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani hii, hupenda kujichimbia. Saratani nyingi za shingo ya kizazi huanzia kwenye mpaka huo. Kadiri umri unavyosogea, mpaka nao hupanda juu ndani ya tundu, ndiyo maana mama wa miaka 55 tukimpima mara nyingi hatuuoni kabisa. Kwa umri wako na watoto watatu, huenda wako umeanza kupanda, nusu nje nusu ndani, na hilo linaendana na alichokueleza nesi.

Maandalizi ni machache. Chagua siku ambayo huna hedhi. Nzuri zaidi ni kati ya siku ya 8 na ya 12 tangu damu ilipoanza, lakini usiahirishe miezi mitatu kwa kuisaka siku kamili. Saa 48 kabla ya kipimo usiingize chochote ukeni: hakuna tendo la ndoa, hakuna dawa ya kuingiza. Na hapa tusikilizane, maana mimi pia ni mtu wa pwani na ninajua yanayofanyika bafuni: hakuna shabu, hakuna maji ya ndimu, hakuna majani ya kujikandia. Shabu huchubua, na michubuko yake chini ya darubini hunichanganya nisijue kipi cha ugonjwa na kipi cha bafuni. Ukinisikiliza utaiacha moja kwa moja hata baada ya kipimo, kwa sababu uke hujisafisha wenyewe, lakini hilo najua si la kumalizwa kwa barua moja.

Kula kama kawaida. Kuna wanaofika na njaa ya tangu jana wakidhani wanakwenda kwenye operesheni, wanapata kizunguzungu kitandani, halafu wanarudi mtaani kusema kipimo kimewaangusha. Saa moja kabla unaweza kumeza ibuprofeni miligramu 400, ila kama una vidonda vya tumbo, pumu au ujauzito achana nayo, meza parasetamoli. Vaa sketi au dera badala ya suruali, chukua khanga mbili, moja ya kutandika na moja ya kujifunika, chukua pedi, na vaa chupi usiyoionea uchungu kwa sababu kuna ayodini inayoacha madoa. Beba karatasi ya rufaa pamoja na majibu ya HPV. Ukifika uliza gharama mbili na si moja, ya kipimo chenyewe na ya maabara, kwa sababu mara nyingi zinalipiwa madirisha tofauti na wengi hukwama kwenye hilo la pili.

Mwambie daktari kama unahisi una mimba. Kuangalia kwa darubini wakati wa ujauzito hakumdhuru mtoto, ila kinyama cha kupeleka maabara hatuchukui isipokuwa tukishuku saratani, na kukwangua ndani ya tundu hatufanyi kabisa. Mwambie pia kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama ayodini huwa inakudhuru. Kama una kitanzi, kinabaki mahali pake. Na kama unaishi na virusi vya UKIMWI usimfiche. Mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari ya saratani hii karibu mara 6 zaidi ya asiye navyo, kwa hiyo daktari hubadilisha mpango wake wa kumfuatilia.

Kabla ya kupanda kitandani utapewa fomu ya ridhaa. Isome. Kisha uliza: "Leo mnaangalia tu, au mnaangalia na kutibu hapohapo?" Hospitali nyingine daktari akiona doa baya huliondoa siku hiyohiyo, na wala si kosa, kwa mtu anayetoka mbali na huenda asirudi, nami nimefanya hivyo mara nyingi. Ila ni jambo la kulijua ukiwa umekaa kwenye kiti na nguo zako mwilini, siyo kulisikia ukiwa umelala chali. Ukitaka majibu ya maabara yatangulie, sema. Ukitaka mpimaji awe mwanamke, sema hilo pia, tena siku ya kupanga miadi. Kama hayupo, una haki ya kuwa na nesi wa kike chumbani muda wote.

Chumbani utavua nguo za chini, utalala chali, miguu itapandishwa kwenye vishikio vya kando, na makalio yatatakiwa yafike ukingoni kabisa mwa kitanda. Sijaona mwanamke ambaye hakurudi juu kidogo, wala daktari ambaye hakusema "shuka mama, shuka tena." Kisha kinaingizwa kile kifaa cha mdomo wa bata ulichowekewa kituoni. Ukikaza makalio kitabana. Ukiyaacha yazame kitandani na ukatoa pumzi taratibu kwa mdomo, kitapita. Kama kinakuuma, sema kibadilishwe. Viko vya ukubwa tofauti, na waliojifungua mara tatu na wasiojifungua hawapaswi kuwekewa kimoja.

Baada ya hapo unakuja wakati ambao kwako ni wa kuchosha na kwangu ndio wenye utamu. Shingo ya kizazi inapanguswa ute, halafu inapakwa asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, karibu sawa na siki ya kachumbari. Utahisi ubaridi, pengine muwasho. Tunasubiri dakika moja na zaidi, na mimi huangalia saa kweli, kwa sababu haraka huharibu kipimo hiki. Seli zenye viini vikubwa vilivyosongamana hupauka siki ikizigusa. Weupe mwepesi kama maji ya mchele, unaokuja na kupotea, mara nyingi ni wa seli zinazojibadilisha kawaida au wa kirusi kinachopita. Weupe unaonifanya nisogeze kiti ni ule unaokuja upesi, mzito kama chokaa, wenye kingo zilizokatika wazi, na usiotaka kuondoka. Kisha nawasha taa ya kijani. Ndani ya mwanga huo mishipa ya damu huonekana myeusi, nami natafuta jinsi ilivyojipanga: vidotidoti vikubwa visivyolingana, au mistari inayokatana kama vigae vya sakafu vilivyopangwa na fundi mlevi.

Mwisho hupakwa ayodini. Seli zenye afya zina akiba ya sukari ndani yake, zinainywa ayodini na kugeuka kahawia iliyoiva kama mbao ya mkangazi. Zilizoharibika hazina akiba hiyo, zinabaki na njano ya haradali. Kwa mama aliyekoma hedhi akiba hupungua kwa umri tu, kwa hiyo njano kwake haina uzito uleule. Kama kuna skrini unaweza kuomba kuona, wengine hutulia wakiona, wengine huniambia "daktari, mimi nisimulie tu." Yote hayo, toka unalala hadi unashuka, ni kati ya dakika 10 na 20.

Tufike kwenye nyama ya jirani yako. Hakudanganya, ila amekuletea nusu ya habari. Nikiona mahali panapotia shaka, nachukua kinyama kwa kibano kirefu chenye mdomo mdogo. Kipande chenyewe ni milimita 2 au 3, kama nusu punje ya mchele. Mara nyingi vinachukuliwa viwili au zaidi, kwa sababu doa moja linaweza kuwa na sehemu nyepesi na sehemu nzito, na kinyama kimoja kinaweza kuangukia isiyo yenyewe. Shingo ya kizazi haihisi kukatwa kama kidole kinavyohisi. Utasikia kama umefinywa kwa nguvu, ukifuatiwa na mbano wa tumbo la chini kama wa hedhi. Mimi huwaomba wagonjwa wakohoe kwa nguvu sekunde ileile kibano kinapofunga. Wengine wanauliza "umeshachukua?" wakati kipande kimo tayari kwenye kichupa. Wengine wanalia, na hao nao hawajafanya kosa lolote. Ukitaka ganzi omba. Madaktari wengi hawaiweki kwa kinyama kimoja kwa kuwa sindano yake nayo huchoma, lakini kuomba hakuzuiwi.

Kwa kuwa doa lako limeingia ndani, kuna uwezekano mkubwa pia wa kukwanguliwa ndani ya tundu kwa kijiko chembamba au brashi. Sitakuficha, hiki ndicho wengi hukitaja kuwa kibaya kuliko vyote. Ni mbano wa uchungu mkali, wa muda mfupi usiofika dakika moja, na kumeza dawa mapema husaidia hapo hasa. Wachache huona kizunguzungu na kutokwa jasho jembamba kwa sababu mshipa wa fahamu wa sehemu hiyo unaweza kushusha mapigo ya moyo. Ikitokea sema mara moja, utalazwa kichwa chini kidogo na hali hiyo itapita. Usishuke kitandani kwa aibu.

Kabla hujatoka, angalia kichupa chenye kinyama chako kimeandikwa jina lako, na jina limeandikwa sawasawa. Hapa Tanga akina Mwanaidi na Zainabu ni wengi.

Hulazwi. Unapumzika kidogo, unavaa, unapanda gari unarudi Muheza. Daktari atakuwa amepaka dawa nzito ya kahawia ya kuzuia damu. Usiku huo au kesho yake itatoka vipandevipande vyeusi kama machicha ya kahawa, na simu nyingi ninazopigiwa usiku ni za machicha hayo. Ni dawa, si kizazi kinachooza. Damu kidogo au majimaji ya kahawia yanaweza kuendelea siku kadhaa. Kwa wiki moja usifanye tendo la ndoa na usiingize kitu. Kazi za nyumbani fanya, ila ndoo za lita 20 waachie vijana siku mbili tatu. Wengi huniuliza kama damu hii inamzuia mtu kuswali. Kitabibu ni damu ya kidonda, haitoki ndani ya mji wa mimba na si hedhi; hukumu ya ibada yenyewe muulize sheikh wako, nawe mpe maelezo hayo ili ajibu akiwa anajua anachoulizwa.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe kama damu inalowesha pedi nzima ndani ya saa moja, ukipata homa au baridi, majimaji yakianza kunuka, au tumbo la chini likiuma na dawa isilitulize. Hayo hutokea kwa nadra, lakini yakitokea hayasubiri.

Majibu ya kinyama huchukua wiki 2 hadi 4, kwingine zaidi, na mimi nina ugomvi wa siku nyingi na kipindi hiki. Mgonjwa akishavaa nguo zake anahisi ameshapimwa, yameisha. Kumbe aliyoyaona daktari kwa darubini ni dhana nzuri tu. Neno la mwisho liko kwa mtaalamu wa patholojia aliyekikata kile kinyama vipande vyembamba na kukiweka chini ya hadubini yake. Nilikuwa na mgonjwa mmoja ambaye majibu yake yalitaka tiba ndani ya mwezi. Namba aliyotuachia ilikuwa ya kaka yake, na kaka alikuwa amehamia kwingine na kubadilisha laini. Alirudi mwenyewe baada ya miaka minne, akiwa anatokwa damu. Wewe acha namba mbili, yako na ya mtu unayelala naye nyumba moja, na usipopigiwa baada ya mwezi nenda ukaulizie. Ukimya wa hospitali usiufanye kuwa jibu zuri.

Karatasi ya majibu huenda ikawa na herufi CIN na namba. Ni daraja za mabadiliko ya awali, kabla ya saratani. CIN 1 maana yake seli zimevurugika juujuu tu, na nyingi hurudi zenyewe ndani ya miaka 2 mwili ukikishinda kirusi. Hapo kwa kawaida tunakuita baada ya mwaka tukuangalie tena, bila kukuchoma wala kukukata. CIN 2 na CIN 3 ni mvurugiko uliokwenda chini zaidi, na kwa mwanamke wa umri wako tunatibu. Kwa nini tusisubiri? Kwa sababu kuna mahali walisubiri. Katika hospitali moja ya wanawake huko Auckland, New Zealand, kuanzia miaka ya 1960 kuna wagonjwa wa CIN 3 waliokuwa wanaangaliwa tu bila kutibiwa ipasavyo, na hadi tume ikaundwa kuchunguza jambo hilo mwaka 1987. Wanawake hao walipofuatiliwa baadaye, takriban 3 kati ya 10 walikuwa wamepata saratani ndani ya miaka 30. Waliotibiwa vizuri hawakufika hata 1 kati ya 100. Hesabu hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja, kwamba hata CIN 3 haikimbilii kuwa saratani wiki ijayo, kwa hiyo usikose usingizi ukisubiri miadi, na kwamba kuipuuza ni kucheza kamari.

Tiba kwa doa lililoingia ndani kama lako mara nyingi ni kukata kwa waya mwembamba wa umeme, wenyewe tunaita LEEP. Hiyo hufanywa kwa ganzi ya sindano, kwa dakika chache, na unarudi nyumbani siku hiyo. Inaondoa kipande chenye ugonjwa na kuacha shingo na mji wa mimba vikiwa mahali pake. Baada yake ni wiki 4 bila tendo la ndoa, na majimaji mengi katikati yake. Kama kinyama kingeonyesha saratani yenyewe, ungeingia njia nyingine ya vipimo na matibabu kwenye vituo kama taasisi ya saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam, na ikikutwa mapema inatibika. Lakini sitaki tuandike sura hiyo kabla haijaitwa.

Kuhusu kuzaa. Kolposkopi yenyewe, pamoja na kinyama, haipunguzi uwezo wa kushika mimba wala kuibeba. LEEP inaongeza kidogo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, na huongezeka zaidi kadiri kipande kilichokatwa kilivyo kirefu au kama imerudiwa. Kwa hiyo kama bado unataka mtoto wa nne, mwambie daktari kabla hajakata, na ukishika mimba baadaye mwambie mkunga kuwa uliwahi kukatwa. Yule jirani wa pili, anayesema kizazi hakibaki, huenda alimwona mtu aliyetolewa kizazi kweli. Naamini alimwona. Ila mara nyingi tukimfuatilia mtu huyo tunakuta alifika akiwa na saratani tayari, na kipimo ndicho kilichoigundua. Mtaani wanaunganisha kipimo na kilichofuata, wanaacha miaka iliyotangulia.

Sasa la mume, na naona hili ndilo lililokufanya uandike. HPV ni kirusi cha watu wote. Wengi mno wa wanaofanya ngono hukipata wakati fulani maishani, wanaume kwa wanawake, na wengi wao kinaondoka bila wao kujua kilikuja. Kinaweza kulala mwilini miaka mingi kimya kikaja kuonekana leo. Hakuna daktari wala mashine inayoweza kukwambia kiliingia mwaka gani au kwa nani. Kinaweza kuwa chako cha kabla ya ndoa, kinaweza kuwa chake cha kabla ya ndoa, na mkabaki mmekaa nacho toka harusini. Kwa mwanaume hakuna kipimo cha kawaida cha kukitafuta, na hahitaji kumeza dawa kwa ajili ya majibu yako. Kondomu hupunguza kuambukizana lakini haizuii yote kwa kuwa kirusi hukaa kwenye ngozi, hata ile isiyofunikwa. Kama mumeo ni mtu wa kusoma, mpe aya hii aisome mwenyewe. Wako waliovunja ndoa kwa karatasi ya HPV, na kila nikikumbuka hujuta kwamba hatukuwaeleza siku ya kuwapa majibu.

Hukuniuliza, lakini kama kati ya watoto wako watatu yuko binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV hutolewa bure nchini. Ilianza mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Aina mbili za kirusi, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani hizi, na chanjo inazizuia zote mbili. Yale maneno kwamba inafunga kizazi ni ndugu wa maneno uliyoambiwa wewe kuhusu kolposkopi.

Na swali lako la mwisho, uende na nani. Kipimo chenyewe unaweza kukifanya peke yako ukarudi peke yako. Lakini kama mume anaweza kuacha shughuli siku moja, nenda naye. Si lazima aingie chumbani. Akae kwenye benchi la nje ashike mkoba wako na nauli. Ukitoka, mwombe daktari amwite dakika tano amweleze yeye mwenyewe kirusi ni nini, na tarehe ya majibu iandikwe kwenye simu yake pia. Akikataa kwenda, nenda na dada yako. Huyo jirani wa nyama mwache nyumbani.